Kiapo cha Olenguruone na Elimu ya Nafsi
Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha ripoti ya J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, iliyoeleza uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni kuwa zao la wasiwasi wa watu waliong'oka katika mila zao. Fikra hiyo inakaribiana na fundisho la Sigmund Freud kwamba nafsi hubanwa kati ya silika, yaani matamanio ya kuzaliwa nayo, na dhamiri, yaani makatazo ya wazazi yaliyohamia moyoni. Lakini huko Olenguruone, kusini-magharibi mwa Nakuru, ambako Wakikuyu walikula kiapo cha umoja kilichotangulia viapo vya Mau Mau katika miaka ya 1940, chanzo cha uchungu kilionekana kwa macho: walinyimwa haki kamili ya ardhi, na walipokataa kanuni za kilimo za serikali, nyumba zao zilichomwa na wengi wakahamishiwa Yatta penye ukame.