Kumbukumbu ya Vibali vya Kazi

Wazee wetu na wanachama, yafaa tukumbuke. Baada ya Uhuru wa 1963, wakazi wengi wenye asili ya Bara Hindi walipewa miaka 2 waombe uraia; wengi walibaki na pasipoti za Uingereza. Sheria ya Uhamiaji ya 1967 iliwataka wawe na vibali vya kazi, nao waajiri wakatakiwa kutanguliza raia. Vijana wetu walipata nafasi, nasi tulifurahi. Lakini waliohamia Uingereza walikuta, Machi 1968, mlango umebanwa kwa sheria iliyopitishwa kwa siku 3: vibali 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa jamaa. Leo watoto wetu huajiriwa Ughaibuni na nchi za Ghuba. Basi tumtendee mgeni wetu kama tutakavyo watendewe wao.