Nani Alipie Mchanga?

Tangazo la kutafuta mhandisi mshauri wa kusanifu maji ya mji ni kitu kikavu sana. Hadidu za rejea, tarehe ya mwisho, bahasha iliyofungwa, sahihi ya mkubwa fulani. Mimi huyasoma magazetini jinsi wazee wanavyosoma kurasa za matanga, na swali langu huwa lile lile: mnataka mtu awachoree maji safi, sawa, lakini mchoro ukishakamilika nani atakayetoa pesa, na nani ana uwezo wa kusema zii?

Kuna jamaa wa karne ya 19 ambaye kazi yake inajibu swali hilo mara mbili, na majibu hayafanani hata kidogo. Aliitwa William Lindley, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1808.

Kilichompeleka Hamburg hakikuwa maji, ilikuwa reli. Alikuwa anajenga njia ya kwenda Bergedorf, na ilikuwa izinduliwe kwa shangwe Mei 1842. Tarehe 5 mwezi huo moto ukazuka, ukala mji hadi tarehe 8. Watu 51 walikufa na wengine kama 20,000 wakabaki bila makao. Treni ambazo hata hazijazinduliwa zikaanza kubeba wakimbizi. Lindley alikuwa miongoni mwa waliolipua majengo kwa baruti ili kuukatia moto njia, na huku mtaani uvumi ukavuma kwamba ni Waingereza wanaochoma mji. Wengine walishambuliwa barabarani. Kisha wiki hizo hizo mji uliokuwa ukimnong'ona Mwingereza ukamwomba Mwingereza auchoree upya.

Na alichora kweli. Mitaa mipya, mabomba ya maji taka chini yake, na mwaka 1848 mtambo wa maji huko Rothenburgsort, na mnara mrefu ambao umesimama mpaka leo. Mtambo ulivuta maji ya mto Elbe na kuyasukuma kwa mvuke mpaka ndani ya nyumba. Kwa wakati huo, hii ilikuwa ajabu. Miji mingi ya Ulaya ilikuwa bado inachota visimani na kununua kwa wachuuzi, yaani kama keja nyingi za Nairobi leo na mitungi ya lita 20 mlangoni.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikujengwa. Maji ya Elbe yaliachwa yatulie kwenye mabwawa, tope lishuke, halafu yakapelekwa. Hayakuchujwa.

Usidhani ni kwa sababu watu hawakujua. London, James Simpson alikuwa amejenga kichujio cha mchanga tangu 1829, na sheria ya 1852 ikayalazimisha makampuni ya maji ya mji huo kuchuja. Chenyewe si kitu cha kutisha. Unajenga bwawa pana, chini unapanga mawe, juu ya mawe kokoto, juu ya kokoto mchanga laini. Maji yanateremka polepole, na juu ya mchanga inajijenga ngozi nyembamba ya vijidudu hai ambavyo vinakula vijidudu vingine. Ngozi ikiwa nene sana unakwangua, unaanza tena. Gharama yake ni ardhi, mchanga, na vibarua wa kukwangua.

Gharama. Hapo ndipo Hamburg ilipokwama. Ulikuwa mji unaojitawala, jamhuri ya wafanyabiashara, wenye bunge lake. Kuanzia 1880 bunge hilo lilikuwa na viti 160, na 40 kati yake vilitengwa kwa wenye nyumba na ardhi. Robo nzima ya bunge, malandlodi! Ukijumlisha viti vingine vilivyowekewa watu wa vyeo, mpangaji hakuwa na la kusema. Tena suala la kuchuja lilikuja limefungwa na suala la mita, kwa sababu hakuna anayetaka kusafisha maji ambayo watu wanayamwaga ovyo, na mita ingegusa mfuko wa landlodi moja kwa moja. Basi mjadala ukaenda miaka nenda miaka rudi. Mabwawa yale yakazidiwa kadiri mji ulivyokua, maji yakawa hayana hata muda wa kutulia. Miaka ya 1880 mtaalamu wa wanyama Karl Kraepelin aliandika utafiti mzima kuhusu viumbe vinavyoishi ndani ya mabomba ya Hamburg. Konokono, minyoo, mpaka mikunga. Mji una mabomba ya kisasa na orodha ya kisayansi ya wanyama wanaotoka kwenye mfereji wa jikoni, na bado wakubwa wanabishana juu ya bei ya mchanga.

Lindley mwenyewe alikuwa ameshaondoka tangu zamani. Ndipo Warsaw ilipomwita.

Warsaw ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na meya wake hakuchaguliwa na mtu, aliletwa. Huyo aliyeletwa mwaka 1875 alikuwa jenerali Mrusi, Sokrates Starynkiewicz. Kwa Wapolandi, ambao maasi yao yalikuwa yamezimwa miaka kumi na ushei kabla ya hapo, huyu alikuwa mkoloni, sisi tunamjua mtu wa aina hiyo. Mwaka 1876 alimwalika Lindley, na 1878 michoro ikakabidhiwa. Mwanawe, William Heerlein Lindley, ndiye aliyesimamia ujenzi. Wenye nyumba walilalamika kama wenye nyumba wa kila mahali: ghali, ya nini, nani atalipa kuunganisha. Kelele hazikuisha hata baada ya kazi kufanyika. Mwaka 1900 bado kulichapishwa kijitabu kikidai kwamba mabomba ya maji taka ni njama ya Wayahudi na matapeli ya kuua kilimo cha Poland. Chuki haijawahi kukosa pa kujishikiza.

Tofauti ni kwamba Starynkiewicz hakuhitaji kura ya landlodi. Julai 1886 mtambo ukaanza kazi, maji ya mto Vistula yakipita kwenye vichujio vya mchanga kabla ya kufika kwa mtu. Vichujio hivyo viko mtaa wa Koszykowa na bado vinafanya kazi, na uwanja ulio karibu unaitwa kwa jina la yule Mrusi. Alipokufa mwaka 1902, miaka kumi baada ya kuacha umeya, maelfu ya Wapolandi walimsindikiza.

Hili jambo linanikera, na sitalipamba. Mji wenye bunge ulishindwa kununua mchanga, na mji uliotawaliwa kwa mabavu ukaununua. Kuna watu huku kwetu wangefurahi sana kulitumia hilo: eti unaona, tupeni mkono wa chuma, tutawaletea maji. Pole pole, bana. Kwanza, kwa kila Starynkiewicz kuna magavana kumi wa aina ile ambao hawakuacha hata kisima. Pili, bunge la Hamburg lilikuwa la wenye mali, na waliokunywa yale maji bila njia nyingine hawakuwa na kura ndani yake. Kilichoshindwa pale siwezi kukiita demokrasia.

Agosti 1892 kipindupindu kikafika Hamburg. Wakubwa walisitasita kutangaza, maana bandari ingefungwa na biashara ingekufa. Serikali ya Berlin ikamtuma Robert Koch, daktari aliyekuwa ametambua kijidudu cha ugonjwa huo miaka kama minane hivi awali. Ndiye huyo huyo ambaye baadaye alikuja kujaribu dawa ya malale kwenye visiwa vya Sese, Uganda, dawa iliyowapofusha wagonjwa wengine, lakini hiyo ni siku nyingine.

Koch alikuta kitu ambacho ungedhani kimepangwa na mwalimu wa sayansi. Mji wa Altona ulikuwa umeshikana ukuta kwa ukuta na Hamburg, lakini ulikuwa chini ya Prussia. Altona ilivuta maji upande wa chini wa mto, baada ya Hamburg kumwaga uchafu wake. Maji mabaya zaidi, kwa hiyo. Ila tangu 1859 ilikuwa inayachuja kwa mchanga. Kwenye barabara ya mpakani, wagonjwa walijaa upande wa Hamburg, upande wa Altona hapakuwa na shida. Kulikuwa na ploti moja ya wapangaji, Hamburger Hof, iliyokuwa ndani ya mpaka wa Hamburg lakini ikipata maji kutoka Altona. Hapo pia kipindupindu kilipita bila kubisha hodi.

Altona walikufa watu mia chache. Hamburg walikufa wapatao 8,600, wengi wao wa mitaa ya maskini, na lawama zikatupiwa wahamiaji kutoka Urusi waliokuwa wakisubiri meli za kwenda Marekani.

Kichujio kilikuwa njiani, hiyo ndiyo inayouma. Bunge lilikuwa limekubali mwaka 1890, na mhandisi mkuu wa mji, Franz Andreas Meyer, alikuwa anakijenga kwenye kisiwa cha Kaltehofe wakati watu wanazikwa Ohlsdorf kwenye makaburi ya pamoja. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza bei tena. Mei 1893 kikafunguliwa. Lindley alikuwa na miaka 84, yuko London, anakunywa maji yaliyochujwa.