Siku Moja Baharini: Pwani ya Amalfi na Habari Zake



Katika nchi ya Italia, kusini-mashariki ya mji wa Napoli, iko pwani moja inayosifiwa na watu wa dunia nzima kwa uzuri wake. Inaitwa Pwani ya Amalfi. Huko milima inashuka mpaka ndani ya bahari, hata nafasi ya shamba tambarare haipatikani. Nyumba zimeshikamana na majabali kama viota vya mbayuwayu. Mwaka 1997 shirika la UNESCO liliitia pwani hiyo katika orodha ya mahali panapopaswa kutunzwa kama urithi wa watu wote. Kila mwaka wageni wengi hupanda mashua asubuhi, huzunguka mpaka jioni, hupiga picha, kisha hurudi kwao.

Sisi pia tulifanya safari hiyo, baada ya kumaliza hija yetu Roma. Lakini tulipouliza habari ya kila mnara na kila kanisa tulioona, tulitambua kwamba uzuri ule una historia yake, na historia hiyo si ya raha tu. Ndiyo tunayotaka kuwasimulia.

TUNAONDOKA SALERNO

Tulianzia Salerno, mji mkubwa wenye bandari. Asubuhi na mapema tuliingia katika kanisa kuu, ambamo wanaheshimu kaburi la Mtakatifu Matayo, Mtume na Mwinjili. Humo pia amezikwa Papa Gregorio VII, aliyefukuzwa Roma akafa Salerno tarehe 25 Mei 1085. Baada ya Misa tuliteremka bandarini. Mashua ilikuwa ya mota, yenye nafasi ya watu kama thelathini. Nahodha wetu alikuwa mzee wa pwani ile ile, mvuvi tangu ujana wake.

Tukaelekea magharibi, nchi kavu ikiwa upande wetu wa kuume. Mji wa kwanza ni Vietri, wenye mafundi wa kufinyanga vyungu na sahani za rangi nyingi. Wa pili ni Cetara, mji wa wavuvi. Watu wa Cetara huvua samaki wadogo, mfano wa ndagala wetu wa Tanganyika, huwapanga katika mapipa pamoja na chumvi, na maji yanayotona huwa kiungo cha chakula chenye bei kubwa. Mmoja wetu, mzaliwa wa Kalemie, alicheka akasema: «Kumbe! Ndagala wamefika mpaka huku!»

Kisha tulizunguka rasi ya Capo d'Orso, jabali kubwa jeupe. Mahali hapa bahari ilikuwa shwari, lakini tarehe 28 Aprili 1528 palipiganwa vita vikali vya merikebu. Watu wa Genova, waliokuwa upande wa mfalme wa Ufaransa, waliwashinda Wahispania, na Hugo de Moncada, aliyetawala Napoli kwa niaba ya mfalme wake, aliuawa papo hapo.

MINARA

Tangu Vietri tulikuwa tumeona jambo moja. Karibu kila rasi ina mnara wa mawe, mnene, wenye madirisha madogo tu. Mingine imekuwa nyumba za kulala wageni, mingine imebomoka. Tulimwuliza nahodha: «Mzee wetu, minara hii ilijengwa kwa ajili gani?» Alijibu kwa neno moja: «Hofu.»

Na kweli ndiyo habari yake. Katika karne ya 16 maharamia wa kutoka Algiers, Tunis na Tripoli, pamoja na merikebu za Sultani wa Waturuki, walizoea kuvamia pwani za Italia. Hawakutafuta dhahabu tu, walitafuta watu. Walifika usiku au alfajiri, wakazingira kijiji, wakawafunga wanaume, wanawake na watoto, wakaenda kuwauza. Wanaume wenye nguvu walitiwa minyororo katika merikebu, wapige makasia mpaka kufa.

Mwaka 1544 jemadari Hayreddin, ambaye Wazungu walimwita Barbarossa, yaani Ndevu Nyekundu, alivamia kisiwa cha Lipari akachukua maelfu ya watu utumwani. Mwaka 1558 ilikuwa zamu ya Sorrento na Massa Lubrense, nyuma tu ya milima hii. Hapo serikali ya Wahispania iliyotawala Napoli iliamka. Mwaka 1563 ilitoa amri ya kujenga minara pwani yote ya ufalme, na kabla ya karne kwisha minara ilipita 300. Mlinzi alikesha juu. Akiona matanga ya adui aliwasha moto usiku, au alitoa moshi mchana. Mnara wa pili uliona ukafanya vivyo hivyo, na habari ikakimbia kupita merikebu. Kengele zikapigwa, watu wakabeba watoto wakapanda mlimani.

Tulipokuwa tukisikia haya, sisi wa Tanganyika tulinyamaza. Maana babu zetu nao walijua maana ya mitumbwi inayokuja usiku. Nao walikimbilia ndani ya boma la Mpala, na baadaye kwa Kapiteni Joubert huko Mrumbi, kujiokoa na wawinda watumwa. Bahari ni nyingine, watu ni wengine, lakini kilio cha mama aliyenyang'anywa mtoto ni kile kile.

MZIGO WA MALIMAU

Tulipita Maiori na Minori, miji miwili iliyo jirani. Juu yake mlima umekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi ina ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa. Ndivyo walivyotengeneza mashamba mahali pasipo na shamba. Huko hulima malimau marefu yenye harufu nzuri. Barabara ya magari ya kukokotwa ilipasuliwa katika karne ya 19 tu. Kabla yake kulikuwa na bahari, na njia za miguu. Basi malimau yalishushwa pwani mgongoni mwa wanawake, wakiteremka mamia ya ngazi, kila mmoja na tenga zito begani, wakarudi kuchukua lingine. Watu waliwapa jina la siafu wadogo. Mama zetu wanaobeba mihogo na kuni wangewatambua kuwa dada zao.

Kuta hizo si urembo. Zinashika udongo. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba 1954 mvua kubwa mno ilinyesha, mito ikajaa matope na mawe, ikafagia nyumba katika Salerno, Vietri, Maiori na vijiji vya jirani. Watu 318 walikufa. Nahodha alitueleza kwamba ukuta ukiachwa bila kutengenezwa, mlima hukumbuka. Nasi wa nchi ya milima tunajua neno hilo ni kweli.

AMALFI

Saa sita za mchana tulishuka Amalfi. Leo ni mji mdogo wa watu wachache tu. Unaweza kuuzunguka wote kabla chakula hakijaiva. Lakini zamani ulikuwa mkubwa kati ya miji ya biashara. Tangu mwaka 839 Amalfi ulijitawala wenyewe. Merikebu zake zilikwenda Misri, Siria na Konstantinopoli, zikipeleka mbao na nafaka, zikirudi na hariri na viungo. Mwaka 849 merikebu za Amalfi, Napoli na Gaeta ziliungana kuilinda Roma. Papa Leo IV alizibariki huko Ostia, na adui akashindwa. Milango ya shaba ya kanisa kuu la Amalfi ilifuliwa Konstantinopoli kabla ya mwaka 1066; tuliigusa kwa mikono yetu.

Utukufu huo haukudumu. Wanormani waliutwaa mji. Watu wa Pisa, waliokuwa wakishindana nao kwa biashara, waliuteka nyara mwaka 1135 na tena mwaka 1137. Halafu tarehe 25 Novemba 1343 ilikuja tufani ya ajabu. Bandari na sehemu ya chini ya mji vikaanguka baharini. Mshairi Petrarca alikuwa Napoli siku ile, akaandika katika barua jinsi alivyoiona bahari imegeuka. Leo mashua za wageni zinaelea juu ya mahali palipokuwa nyumba na ghala.

Katika chumba cha chini cha kanisa kuu iko masalia ya Mtakatifu Andrea Mtume, mvuvi wa Galilaya, yaliyoletwa kutoka Konstantinopoli mwaka 1208 na Kardinali Pietro Capuano, mwenyeji wa Amalfi. Tarehe 27 Juni 1544 merikebu za Barbarossa yule yule ziliukaribia mji. Tufani ikavuma, ikazitawanya. Watu walimshukuru Mtakatifu Andrea, na mpaka leo kila tarehe 27 Juni wanaume huchukua sanamu yake baharini, kisha huipandisha mbio kwenye ngazi za kanisa.

WALIOUZA NA WALIOUZWA

Hapa, ndugu wasomaji, tungeweza kuishia, nanyi mngesema: watu wema waliokolewa na watu wabaya. Lakini anayesimulia historia lazima aseme yote.

Mwaka 836, miaka mingi kabla ya Barbarossa, Sicard mtawala wa Benevento alifanya mapatano na Napoli, Sorrento na Amalfi. Ndani yake liliandikwa katazo: wasiwanunue Walombardi ili kuwauza ng'ambo ya bahari. Hakuna anayekataza jambo lisilotendwa na mtu. Wafanya biashara wa pwani hii, Wakristo waliobatizwa, walikuwa wakiuza watu, hata Wakristo wenzao, kama walivyouza mbao. Na baadaye, wakati wa minara, merikebu za Wakristo nazo zilikuwa na Waislamu waliofungwa minyororo kwenye makasia.

Basi bahari ile ilipeleka watumwa kusini, kisha ikapeleka kaskazini, na kila upande ulililia watu wake tu. Sisi hatusemi haya ili kuwalaumu wafu. Nasi tunajua kwamba kwetu, waliowinda watumwa hawakutoka wote mbali. Wako waliouzwa na majirani, hata na ndugu zao.

NYUMBA YA WAGONJWA

Lakini iko habari nyingine ya wafanya biashara wa Amalfi. Katika karne ya 11 baadhi yao waliona mahujaji wanaofika Yerusalemu wakiwa wagonjwa, wamechoka, hawana mahali pa kulala. Waliomba ruhusa kwa mtawala wa Misri, aliyekuwa Mwislamu, naye akawapa uwanja. Wakajenga monasteri, na karibu yake nyumba ya kuwapokea wageni na kuwauguza wagonjwa. Mkuu wa nyumba hiyo aliitwa Ndugu Gerard. Tarehe 15 Februari 1113 Papa Paskali II aliikubali kazi yao kwa barua, na hivyo likaanza Shirika la Mtakatifu Yohane wa Yerusalemu, ambalo leo watu huliita Shirika la Malta.

Shirika hilo nalo lilipita njia zenye giza. Lilishika upanga, likafuga watumwa Waislamu katika kisiwa cha Malta, mpaka jeshi la Napoleon lilipokiteka mwaka 1798 na kuwafungulia. Bila upanga na bila kisiwa, likarudia kazi yake ya kwanza: kuuguza. Katika miaka yetu hii wasaidizi wake wamewahudumia wagonjwa na wakimbizi hata mashariki ya Kongo. Mgonjwa wa kwetu aliyepewa dawa chini ya bendera yenye msalaba mweupe, je, alijua kwamba kazi hiyo ilianzishwa na wachuuzi wa mji mdogo kando ya Mediterania, miaka zaidi ya 900 iliyopita?

TUNARUDI

Alasiri tuliendelea mpaka Positano, mji uliopandana mlimani, nyumba juu ya nyumba. Kanisa lake lina picha ya zamani ya Bikira Maria. Wenyeji husimulia kwamba merikebu iliyoichukua ilikwama katika tufani, mabaharia wakasikia sauti ikisema: «Weka, weka», wakaiweka hapo. Chini ya kanisa wachimbaji wamefukua nyumba ya tajiri wa Kiroma, iliyofunikwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79. Tangu mwaka 2018 watu wanaweza kushuka kuitazama. Kuta zake zingali na rangi nzuri. Mwenye nyumba hakuna ajuaye aliko.

Jua lilipoanza kuzama tuligeuza mashua kurudi Salerno. Minara ilipita mmoja mmoja, sasa ikiwa upande wetu wa kushoto, mieusi juu ya maji ya dhahabu. Wageni wengine walipiga picha. Sisi tulihesabu tuliyoyaona. Hariri ya Amalfi imeoza. Bandari yake imo chini ya bahari. Merikebu za Barbarossa hazipo, wala za maadui zake. Minara haina mlinzi tena. Lakini kazi ya wale waliojenga nyumba ya wagonjwa Yerusalemu inaendelea, mikononi mwa watu ambao hata Amalfi hawajafika.

Nahodha alizima mota, akatusaidia kushuka mmoja mmoja, akiwashika wazee mkono. Mmoja wetu alimwuliza kama yeye bado anaiogopa bahari. Alicheka, akasema: «Bahari haina kosa, mwanangu. Tazama nani yuko ndani ya mashua, na amebeba nini.»

Tulilibeba neno hilo, tukalileta nyumbani.