Krapf Aliingia Kitui Bila Viza

Mwishoni mwa Novemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Kitui kutoka Rabai, karibu na Mombasa. Akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu pwani. Tarehe 3 Desemba, akiwa hukohuko Kitui, Krapf akauona Mlima Kenya. Vitabu vya shule huishia hapo mlimani. Mimi huvutiwa zaidi na mwenyeji. Hakuna aliyemdai Krapf hati ya shamba la kwao Württemberg ndipo alale.

Sasa geuza safari. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa wafanyakazi, kule Berlin. Tuseme binti wa Mutomo ni muuguzi huko, amejifungua, anataka mwaitu aje amshike mjukuu. Viza ni ya siku 90, ada yuro 90, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Binti naye huenda ofisi ya wageni kuandikisha kwamba gharama zote za mama ni zake. Sawa, pesa hutafutwa. Kigingi ni mama kuthibitisha kwamba atarudi.

Athibitishe na nini? Karatasi ya mshahara hana, hajawahi kuajiriwa. Shamba lipo, ila ardhi nyingi ya Kitui ilikaa miongo bila kupimwa. Hata tarehe ya kuzaliwa ni shida: usajili wa lazima wa vizazi vya Waafrika ulienea nchi nzima mwaka 1971 tu. Yeye anajua alizaliwa wakati wa yua ya ndeke, ile njaa ya 1961 ambapo chakula kilidondoshwa na ndege. Jaribu kumweleza hayo afisa wa dirishani.

Na Ukambani wanaijua karatasi ya namna hii. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, kikiwa na alama za vidole, mara nyingi kikining'inia shingoni ndani ya kikebe. Kijana wa Makueni aliyeshuka Nairobi alihitajika mikono yake tu. Nyumba nyingi za Waafrika mjini zilijengwa kwa hesabu ya mwanamume mmoja, kitanda kimoja. Mke na mama wabaki mashambani. Kusema kweli, sioni tofauti kubwa: mkataba wa 2024 unamtaka muuguzi, mamake ni habari nyingine.

Akikataliwa, barua husema kuna mashaka kama kweli ananuia kuondoka kabla viza haijaisha. Mashaka! Mvua za Oktoba ndizo za kutegemewa Ukambani. Mwaitu ana ndengu na mbaazi za kupanda, mbuzi watano, na zamu yake ya chama ni Desemba. Angemwambia binti mapema kabisa: miezi mitatu ni mingi, nikatie tiketi ya wiki sita.