Kicheko na Haki: Hollywood ya Kale Mbele ya Wapenzi wa Sinema

Picha ya kuchekesha inayohusu zama za uonevu huwapa watazamaji kazi mbili: kwanza hucheka pamoja, kisha hubishana kama ilikuwa halali kucheka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Hail, Caesar!, picha ya ndugu wawili wa Marekani, Joel na Ethan Coen, iliyotokea mwaka wa 2016. Insha hii yakusudia kuupima ubishi huo kwa mizani ya historia.

Mchezo umewekwa katika mwaka wa 1951, ndani ya studio ya kubuniwa iitwayo Capitol Pictures. Mkuu wake, Eddie Mannix, amepewa jina la mtu wa kweli aliyekuwa mmoja wa wakuu wa studio ya MGM. Kazi yake usiku na mchana ni kuzima fitina na aibu za wachezaji. Mwongozaji mmoja, bwana wa adabu nyingi, alazimishwa na ofisi kumtumia kijana aliyezoea kupanda farasi katika mchezo wa watu wa kiungwana. Amfundisha sentensi moja mpaka subira yamwishia. Wakati huohuo mchezaji mashuhuri atekwa na kundi la waandishi Wakomunisti, nao wadai dola 100,000. Fedha hizo zilikusudiwa kwenda Urusi, lakini zaishia baharini.

Hapa ndipo wapenzi wa sinema wanapogawanyika. Upande mmoja husema kwamba picha hii imewatukana waliofungwa na kufukuzwa kazi, kwa kuwa imewavisha hatia ambayo washtaki wao waliizua. Upande wa pili hujibu kwamba mzaha ni mzaha, na kwamba watu wote katika mchezo huo, matajiri na maskini, wamechekwa kwa kipimo kimoja. Kila upande una hoja, lakini pande zote mbili hazijagusa kiini cha jambo.

Tuyatazame yaliyotukia. Katika Oktoba 1947 kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliwahoji watu wa Hollywood juu ya Ukomunisti. Watu kumi walikataa kujibu kama walikuwa, au waliwahi kuwa, wanachama wa Chama cha Kikomunisti, wakiitegemea Katiba yao ilindayo uhuru wa kusema na wa kukusanyika. Mwezi uliofuata Baraza likawashtaki kwa kosa la kulidharau Bunge, nao wakuu wa studio wakakutana New York wakaazimu kutowaajiri. Mwaka wa 1950 wote kumi walitiwa gerezani. Hapana mtu aliyetekwa, wala fedha iliyodaiwa. Kosa lao lilikuwa kunyamaza.

Wawili katika hao kumi walikuwa waongozaji wa picha, Edward Dmytryk na Herbert Biberman, nao walipewa kifungo cha miezi sita. Wenzao wanane walipewa mwaka mmoja. Baada ya kifungo njia zao zikaachana. Dmytryk alirudi mbele ya kamati mwaka wa 1951, akataja majina ya wenzake wa zamani, akapata kazi tena. Mwaka wa 1954 ilitokea picha yake kubwa The Caine Mutiny. Biberman hakutaja mtu. Mwaka huohuo wa 1954 ilitokea picha yake Salt of the Earth, juu ya mgomo wa wachimbaji wa madini katika New Mexico, na majumba mengi ya sinema yakakataa kuionyesha.

Hata waongozaji ambao hawakufungwa hawakusalimika na hofu. Tarehe 22 Oktoba 1950 chama chao kilikutana katika hoteli ya Beverly Hills. Cecil B. DeMille na wafuasi wake walitaka kila mwanachama ale kiapo kwamba yeye si Mkomunisti, wakajaribu kumwondoa rais wa chama, Joseph L. Mankiewicz, aliyekipinga kiapo cha lazima. Usiku ule Mankiewicz alishinda. Lakini siku chache baadaye yeye mwenyewe aliwaomba wanachama watie sahihi kwa hiari yao. Katika ushindi wa namna hiyo twaona jinsi hofu ilivyoweza kuwatawala hata walioishinda kwa kura.

Sasa turudi kwenye kicheko. Wanaoilaumu picha husahau jambo moja: watu wale kumi wote waliwahi kuwa wanachama wa chama kile, nao uanachama wenyewe haukuwa kosa la jinai. Kuwatetea kwa kuficha imani yao ni kukubali hoja ya washtaki, kwamba mwenye imani ile hakustahili haki. Ndugu Coen wamewaonyesha waandishi wenye imani, wenye maneno mengi, na wenye kuchekesha. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya mtu haipimwi kwa busara ya mawazo yake. Mpumbavu naye ana haki ya kutoulizwa na serikali anaamini nini.

Lakini wanaosema mzaha ni mzaha nao wameacha deni. Picha imeonyesha vitimbi vya waandishi, ikaficha adhabu yao. Haimwonyeshi Dalton Trumbo, mmoja wa wale kumi, aliyetunga hadithi ya Roman Holiday ya mwaka wa 1953 kwa kuazima jina la Ian McLellan Hunter, hata tuzo ya Oscar ikaenda kwa mwazimishaji. Trumbo alifariki mwaka wa 1976. Tuzo ile ilitolewa kwa jina lake mwaka wa 1993.

Basi mwanafunzi atakayeitazama Hail, Caesar! asijizuie kucheka, kwa maana ofisi ya Mannix, iliyomiliki maneno, ndoa na sura za watu wake, yastahili kuchekwa. Ila akiwacheka waandishi wale, na ajiulize kama angalisimama upande wao mbele ya kamati ya mwaka wa 1947. Akiweza kuwacheka na kuwatetea kwa pamoja, ameielewa historia hii.