Taka za Jiji: Safari ya Kutoka Tabata Hadi Pugu

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya chama kikuu chetu cha ushirika, wenzetu wamekwisha eleza habari za hisa, mikopo na mikutano. Sisi tumepewa kazi ya kueleza historia ya kitu kilichotukutanisha, yaani taka za Dar es Salaam. Msomaji asikunje pua, maana habari hizi zimepata kufika mbele ya majaji wa Mahakama Kuu.

Katika miaka ya 1980 magari ya Jiji yalikuwa yakimwaga taka Tabata, katikati ya makazi ya watu. Zilichomwa moto pale pale, na wakazi wakaishi na moshi, uvundo na inzi. Walipochoka walikwenda mahakamani, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Joseph Kessy na wenzake. Tarehe 1 Septemba 1988 walishinda. Jiji liliamriwa kuacha kumwaga taka Tabata, na kutengeneza jaa mahali ambapo halitadhuru mtu. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena. Mwezi wa Septemba 1991 Jaji Lugakingira alikataa. Alistaajabu kwamba mamlaka ya umma yaweza kuja mahakamani bila haya kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaegemea Ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi.

Hukumu ile twaiheshimu sana. Lakini takataka hazisomi hukumu, na siku ya pili yake ilikuwa lazima zimwagwe mahali. Zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Huko nako Festo Balegele na wenzake 794 wakashitaki, nao wakashinda. Ndipo zikaangukia Vingunguti, ambako zilimwagwa kwa miaka mingi. Sisi twaona kwamba kosa halikuwa la mwenye gari wala la mwenye shoka la mahakama. Jiji lilikuwa likitafuta shimo, wala halikuwa na mpango.

Hata hivyo juhudi zilifanywa. Mwaka 1992, wakati ambapo hata sehemu 5 katika kila 100 za taka za mji hazikuwa zikizolewa, ulianzishwa Mradi wa Dar es Salaam Endelevu kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1994 kazi ya kuzoa taka za katikati ya mji alipewa mkandarasi binafsi. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, ikawekwa Tume ya Jiji, na mwaka 1998 Tume ikavifungulia mlango vikundi vya mitaani. Hapo ndipo watu wa mikokoteni, wake kwa waume, walipoanza kutambuliwa kuwa wafanya kazi. Mwaka 2000 zikaundwa manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke.

Baada ya Vingunguti kufungwa, jaa likawa Mtoni. Hapo taka zilitazamwa kama nishati. Taka za chakula zikifukiwa pasipo hewa hutoa gesi iwakayo, na mwaka 2007 mradi wa kuivuna gesi ya Mtoni na kufua umeme uliandikishwa, wa kwanza wa Tanzania katika utaratibu wa Kyoto. Wazo lilikuwa jema. Lakini jaa la wazi ni chungu kisicho na mfuniko: gesi hupotea hewani, na moto hula kilichobaki. Magari yakaelekezwa Pugu Kinyamwezi, mbali na mji, na kila kilomita huongeza bei ya mafuta katika ada anayotozwa mama lishe.

Zaidi ya nusu ya taka za mji huu ni maganda, mabaki ya chakula na majani. Kinondoni, kwa urafiki wa Dar es Salaam na mji wa Hamburg ulioanza mwaka 2010, ilijenga huko Mabwepande mtambo wa kugeuza taka za masoko kuwa mboji. Hiyo ndiyo njia tunayoitamani: kuzitenga taka pale zinapozaliwa, kabla hazijachanganyika na chupa na nailoni.

Vyama vyetu wanachama huzoa taka, na viwili kati yake hutengeneza mkaa mbadala kwa vumbi la mkaa na maganda makavu. Mwaka wa nne wa chama kikuu tuliomba kiwanja kidogo kando ya soko moja, cha kuchambulia taka. Ofisi husika ilitupokea kwa adabu, ikatuahidi. Ramani ya mpango ilipobandikwa ukutani, tuliona nafasi ya kuegesha magari, nafasi ya maduka, na nafasi ya choo. Maganda hayakupewa hata pembe. Mwenyekiti wetu alisimama mbele ya ramani ile kwa muda mrefu, kisha akauliza ni nani aliyeulizwa. Hakujibiwa.

Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, utakao kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 watumie nishati hiyo. Tumeuandikia upya mtaa barua ya kiwanja, tukiambatisha hesabu ya magunia ya maganda yatokayo sokoni kila siku, na majina ya wauzaji waliokubali kuyatenga. Nakala ya barua hiyo imo ofisini mwetu, na mwanachama yeyote aweza kuja kuisoma.