Hojaji, Mahojiano na Chanzo cha Tabia Sumbufu: Marekani, 1982–1991

Mwaka 1982, Brian Iwata na wenzake walionesha kwa majaribio kwamba tabia ileile ya kujidhuru huwa na sababu tofauti kwa watoto tofauti. Majaribio hayo yalidai muda na wataalamu. Hivyo, mwaka 1988, Durand na Crimmins walitoa hojaji ya maswali 16 kwa walimu na walezi, ikipima sababu nne: msisimko wa hisi, kukwepa kazi, kutaka kuangaliwa na kutaka kitu. Hata hivyo, mwaka 1991, Zarcone na wenzake walibaini kwamba wajibuji wawili waliomkadiria mtu mmoja walitofautiana mara nyingi. Kwa hiyo, mahojiano na hojaji huibua dhana tu. Uchunguzi wa moja kwa moja ndio huipima. Pasipo kuipima, mtoto anayekwepa kazi ataadhibiwa kwa kutolewa darasani, na hapo atakuwa amepewa alichokitafuta.